Mama Mkwe Katika Boti ya Burale

Mkunga alipotoka nyumbani mwa Igoki alikaa chini juani bila kunawa mikono. Mama alimletea maji, akayakataa.

"Celina," akamwambia, "huyu mtoto amelala kama mti ulioanguka njiani. Nimemsukuma, nimembembeleza, hataki kugeuka. Mimi nimefika mwisho wa ninachojua. Tafuta watu wa sindano."

Igoki ni dada yangu, mimi namfuata. Alikuwa ameolewa kule chini Mbeere, karibu na mto Thagana, ule ambao wenye vitabu huuita Tana. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Mama na mimi tulikuwa tumeshuka kutoka juu Embu kuja kumtazama, na hata kushuka huko kulikuwa ni taabu, kwa maana ilikuwa miaka ya Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na Wazungu. Watu walikuwa wamekusanywa vijijini kama mbuzi zizini, na mtu hatoki mpaka apewe pasi, na pasi haitoki mpaka mama mtu alie mbele ya hedimani, mkuu wa kijiji aliyewekwa na Serikali. Mama alilia, akapewa.

Sasa tulikuwa tumefika, na hatukuwa na pa kwenda. Hospitali ya Embu ilikuwa juu, na barabara ya kupanda ilikuwa imefungwa. Wazungu na askari wao walikuwa wanapekua msitu, gari halipiti, mtu hapiti, na watamaliza lini hakuna aliyejua. Hospitali nyingine ni ya misheni, ng'ambo ya Thagana, upande wa Wakamba, tena si hapo tu. Ni chini sana, pale mto unapopinda chini ya kilima. Wakati wa kiangazi watu huvuka kwa mawe na kutembea. Lakini hiyo ilikuwa Novemba, mvua imenyesha milimani, na mto umekuja mwekundu, umebeba miti mizima na mizizi yake.

Gichovi, mume wa Igoki, alisimama nje ya nyumba akiupa mlango mgongo. Alikuwa mwembamba, mpole, na mikono yake haikuisha harufu ya petroli. Aliniita pembeni.

"Wawira," akasema, "mwambie mama kwamba nitaomba boti ya Burale."

Mama alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo, na alikuwa amesikia kila neno. Nikaenda nikamwambia, "Mama, Gichovi anasema ataomba boti ya Burale."

Mama akasema, "Mwambie aende mbio."

Nikarudi nikamwambia Gichovi aende mbio.

Ndivyo ilivyokuwa. Sisi watu wa Embu na wa Mbeere tuna kitu tunaita thoni. Ni heshima, ni aibu, ni vyote viwili. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkono kwa mkono, hawatajani majina. Wakikutana njiani mmoja huingia vichakani. Na kama kuna la kusema, mtu wa tatu hulibeba. Mtu ambaye mama mkwe amemwita jina lake waziwazi ameaibishwa, na yeye mama ameaibika zaidi, mpaka mnyama achinjwe. Tangu Igoki aolewe, mtu wa tatu nilikuwa mimi.

Burale alikuwa Msomali wa Majengo kule Meru, mfanyabiashara wa mbuzi. Alishuka Mbeere na lori lake, akaleta boti ya chuma yenye injini ya kuning'inia nyuma, ili avushe mbuzi kutoka kwa Wakamba. Injini ile ilikuwa ajabu ya watu. Burale alimfundisha Gichovi kuiendesha, na Gichovi akaipenda kuliko Burale alivyoipenda. Tulimkuta Burale ukingoni mwa mto, amekaa juu ya debe akipiga mswaki kwa kijiti. Alimtazama Igoki akiwa amebebwa kwa kitanda cha fito, akaacha mswaki.

"Chukua," akasema kabla hajaombwa. "Inanuka mbuzi, lakini chukua. Petroli iko. Mimi siwezi kuja. Pasi yangu ni ya upande huu tu, wakinishika ng'ambo watanifunga halafu mbuzi wangu watakula wao."

"Asante, bwana Burale," Gichovi akasema.

"Wacha asante. Peleka mke." Kisha akamwona mama amesimama kando, amejifunika shuka kichwa kizima kwa ajili ya Gichovi, akacheka, hakuweza kujizuia. "Na huyu mama mzee utamweka wapi, Gichovi? Boti yenyewe ni kama sufuria. Utamkalisha juu ya maji?"

Gichovi alitazama chini.

"Hata sisi tunamheshimu mama mkwe, wallahi," Burale akasema. "Lakini hatuogopi mgongo wake! Mto haujui nani mkwe wa nani, wewe kijana. Tazama mbele."

Tulipangana hivi. Mama alikaa mbele kabisa, akitazama mbele, shuka kichwani. Igoki tulimlaza katikati juu ya magunia, miguu yake kwa mama, kichwa chake mapajani mwangu. Mimi nilimpa Gichovi mgongo. Yeye alikaa nyuma na injini yake. Na ili asitazame mgongo wa mama mkwe wake, aligeuza uso akawa anatazama ukingo wa mto, mara wa kulia, mara wa kushoto, na kuendesha kwa kukisia. Leo mtu akisikia atatuona wajinga. Lakini kwa Gichovi ilikuwa kama kuvaa nguo. Hakuna mtu anayevua nguo kwa sababu ana haraka.

Injini ile huwashwa kwa kamba. Akaivuta ikakohoa, akaivuta ikanguruma. Tukaenda. Maji yalikuwa yakitusukuma na injini inatusukuma, na miti ya ukingoni ikawa inakimbia kurudi nyuma. Igoki alinishika mkono. Alikuwa bado anaongea.

"Wawira, huyu bwana anaendesha kama ananiibia."

"Nyamaza, tutafika."

"Sijasema hatutafika. Nimesema ananiibia." Akacheka kidogo, kisha uchungu ukamjia, akauma shuka.

Mama alizaliwa huku chini, kwa watu wa mtoni, kabla hajaolewa juu Embu. Alijua kusoma maji. Jiwe likiwa chini, maji hukunja uso juu yake. Aliona mahali maji yamekunja uso, mbele yetu, kulia. Hakupiga kelele. Mama mkwe hampigii mkwe kelele. Aliinamisha kichwa kwangu akasema kwa adabu, "Wawira, mwambie ashike kushoto, kuna jiwe."

Nikageuka. "Shemeji, mama anasema shika..."

Boti ilipanda juu ya kitu na kushuka. Kule nyuma kukalia kong! Injini ikaruka, ikapiga yowe kama nguruwe, ikawa inalia bure bila kutusukuma. Gichovi akaizima. Kukawa kimya, isipokuwa maji.

"Ni nini?" nikamuuliza.

"Pini," akasema. Uso wake ulikuwa umepauka.

Mto ulitugeuza ubavu, ukatubeba unavyotaka. Gichovi alichukua kasia, na mimi nikachukua kile kibao cha kukalia, tukapiga maji kama vichaa. Ni Mungu tu aliyetutupa kwenye kisiwa cha mchanga katikati ya mto, chenye miti ya mikoma mitatu minne na nyayo za kiboko kubwa kama masufuria. Gichovi aliruka na kamba akatuvuta.

Tukamtoa Igoki tukamlaza kivulini. Pande zote ni maji mekundu. Ng'ambo hakukuwa na mtu, hata moshi. Upande wa kwetu miti mitupu. Gichovi aliita mpaka sauti ikakauka, na mto ukaimeza ile sauti kabla haijafika ukingoni.

Kisha akainua injini akaitazama. Nilichutama karibu naye kwa sababu mtu akifanya kazi peke yake huku mke wake analia, anaweza kuharibika akili.

"Unaona hili pangaboi linalosukuma maji?" akaniambia. "Limeshikwa na pini moja ndogo. Hiyo pini ni laini makusudi. Ukigonga jiwe inakatika yenyewe, ili mambo ya ndani yasivunjike. Imefanya kazi yake."

"Weka nyingine."

"Nyingine ziko kwenye lori la Burale."

Aling'oa msumari kwenye kile kibao, akaunyoosha kwa jiwe, akaukata kwa plaisi, akautia. Ulikuwa mwembamba mno kwa lile tundu. Tulimbeba Igoki tukamrudisha botini, tukasukuma, akawasha. Hatukufika popote. Msumari ulikatika palepale kwenye maji yanayozunguka, tukarudi kisiwani kwa kasia huku mama ameshika mizizi kutuvuta. Tukamtoa Igoki tena. Safari hii alilia kwa sababu ya kubebwa, si kwa sababu ya uchungu, na mama akasema, "Hatutamrudisha humo mpaka injini iwe nzima kweli."

Nilibeba hilo. "Shemeji, mama anasema asirudishwe mpaka iwe nzima."

"Mwambie mama nahitaji chuma kinene kidogo, na kisiwe kigumu. Shaba ingefaa. Lakini shaba nitaitoa wapi hapa?"

Mama alikuwa amevaa mkononi kikuku cha shaba, waya mnene, kilichokuwa cha mama yake. Kilikuwa kimeingia kwenye nyama miaka mingi. Alikwenda majini, akapaka mkono matope, akavuta. Aliuma meno akavuta mpaka ngozi ikatoka nayo. Kisha hakumpa Gichovi. Alikuja, akakiweka mchangani, akaondoka akaenda mbali, akageuka. Ndipo Gichovi akaja, akakiokota. Igoki alikuwa amelala hapo katikati akiwatazama wote wawili.

"Nyinyi watu," akasema kwa sauti ndogo, "nitakufa mkiwa bado mnaheshimiana."

Mama akaziba mdomo kwa shuka. Sijui kama alikuwa anacheka.

Shaba ilikaa. Gichovi aliikata, akaisugua kwa jiwe mpaka ikaenea tundu, akaikunja ncha zote mbili. Alipozungusha pangaboi kwa mkono likazunguka na mhimili wake. Akanitazama na nikaona meno yake kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akaiwasha ikiwa pale pale ukingoni, aijaribu kwanza, kama mama alivyosema. Ikanguruma vizuri. Ikanguruma, kisha nikasikia harufu kama ya sufuria iliyokaukiwa maji mekoni. Rangi ya injini ikaanza kuvimba malengelenge.

Akaizima upesi. Akakaa chini mchangani.

"Nini tena?"

"Haivuti maji. Ndani kuna kampira kanakovuta maji ya kuipoza. Tumekokota mchanga. Mchanga umekatafuna."

Alifungua. Alinionyesha. Kale kampira kalikuwa na meno kama kishungi cha jogoo, na sasa meno yote yamelika. Gichovi alivua kiatu chake cha mpira wa tairi, akakata kipande kwa kisu, akachonga. Alichonga polepole, ulimi nje, kama mtu anayemchongea mtoto kitu cha kuchezea. Akakitia, akawasha. Mpira wa tairi ni mgumu, haukunjiki. Maji hayakupanda. Akachonga kingine, chembamba zaidi. Kikararuka. Viatu vyake vikaisha. Akaomba vyangu, nikampa. Na vyangu vikaisha.

Jua lilikuwa limegeuka. Mama alikuwa amekaa na Igoki, mkono juu ya tumbo lake. Aliuweka hapo muda mrefu, akauhamisha, akauweka tena. Nilimwendea.

"Mama?"

"Mtoto amenyamaza," akasema. "Sasa ni huyu mama yake. Sasa tunamtafuta huyu peke yake."

"Nimwambie Gichovi?"

Alifikiri. "Hapana. Mwache na kazi yake."

Igoki alikuwa hasemi tena. Midomo yake ilikuwa imekauka na macho yanaona mbali. Nikamlowesha midomo. Damu ilikuwa imepita magunia imeingia mchangani, na mchanga ukiinywa haionekani, ndiyo maana sikujua ni kiasi gani.

Gichovi alikuja akasimama upande wangu, akinitazama mimi tu.

"Kuna njia moja," akasema. "Nichukue gunia moja, nilifunge kwenye injini, liwe limelowa. Nilimwagie maji kwa kibuyu wakati wote. Likikauka tu, injini inakwama. Na nisimwagie ile plagi ya kuwashia, ikilowa inazima. Kwa hiyo mkono mmoja kwa usukani, mmoja kwa kibuyu, na macho kwa injini. Wawira, mimi sitaona mto hata kidogo. Mwambie mama..."

Nikaona anavyolitafuta hilo neno na halipati. Maana tulikuwa tumeshaona maneno yanafika lini yakipitia kwangu.

"Mimi nikae mbele," nikasema. "Mama amshike Igoki."

"Wewe ni wa mlimani," mama akasema. "Hujui jiwe na povu."

Akasimama. Aliishika ile shuka iliyokuwa kichwani tangu asubuhi, akaitoa, akaifunga kiunoni. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe, na sidhani Gichovi aliwahi kuziona. Akageuka, akamtazama mkwe wake usoni.

"Gichovi."

Kule nyumbani watu wangekimbia.

"Gichovi, utaisikia sauti yangu juu ya hiyo kelele?"

Gichovi alikuwa anatazama mchanga. Jasho lilikuwa linamtoka usoni.

"Nitaisikia, mama."

"Basi nitaita kwa nguvu. Usinionee haya. Tutaoneana haya tukifika."

Tulimbeba mara ya tatu. Hakulia. Gichovi alifunga gunia, akalilowesha, akavuta kamba. Injini ikawaka, tukaondoka kwenye kile kisiwa, na gunia likaanza kutoa mvuke. Nyuma yangu nilisikia kibuyu kikichota na kumwaga, kikichota na kumwaga, na Gichovi akipiga mluzi wa maumivu kila mkono wake ulipogusa chuma.

Mama alipiga magoti mbele, mkono mmoja ameshika ukingo wa boti.

"Kulia! Kulia tena, Gichovi! Hapo, shikilia hapo!"

Sauti yake ilikuwa imebadilika. Sikujua mama ana sauti hiyo. Ilikuwa sauti ya msichana wa mtoni anayeita ng'ombe.

"Kushoto sasa! Mti unakuja, upishe! Umepita. Nyoosha!"

Tulipita mahali ambapo maji yalikuwa meupe pande zote mbili, na mimi nikafumba macho. Pini ya shaba ilishika. Gunia lilishika. Kila kitu alichotengeneza yule mtu kwa mikono mitupu kilishika. Mara nikaona kilima kwa mbali, kile cha misheni, na bati la hospitali linang'aa kwa jua la jioni. Nikainama nimwambie Igoki.

Mkono wake ulikuwa ndani ya wangu tangu tuondoke. Ulikuwa unanibana kila uchungu ulipokuja. Sikuona ulipoacha kunibana. Niliuinua, ukainuka kwa urahisi. Niliweka shavu langu karibu na pua yake, nikangoja. Nikangoja tena.

Nilipoinua kichwa, mama alikuwa ametugeukia. Yeye ndiye aliyekuwa anauona uso wa Igoki, mimi nilikuwa nauona kutoka juu. Alimtazama binti yake. Kisha akanitazama mimi, machoni, na kuniambia kwa macho nisifungue mdomo.

Nyuma yangu Gichovi akaita juu ya kelele ya injini. Aliita mwenyewe, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza. "Mama! Igoki anaendeleaje?"

"Anapumua!" mama akajibu. "Wewe tazama injini yako!"

Akageuka mbele. "Kushoto kidogo. Kushoto. Kuna jiwe kubwa, lipishe kwa mbali. Nyoosha sasa."

Mto ulikuwa mpana hapo na mbaya kuliko mahali pote tulipopita. Hakukosea hata mara moja. Sauti haikupanda, haikushuka. Mimi nilimshika Igoki kichwa kisigonge chuma, nikamfunika vizuri, nikawa nasikia mama yangu akisema kulia na kushoto, na kibuyu kikichota na kumwaga nyuma yangu, na Gichovi akisema, "Tumekaribia, Igoki. Tumekaribia. Vumilia."

Pale pa kushukia palikuwa na askari wa kulinda mto, wale tuliowaita homgadi, kwa sababu Serikali iliogopa chakula kinavushwa kupelekewa watu wa msituni waliokuwa wakipigana nayo. Walisikia injini, wakatokea na bunduki.

"Mikono juu! Wote! Mikono juu!"

Gichovi alizima injini akainua mikono. Ndipo nikaiona. Ngozi ilikuwa imetoka viganjani kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Boti ikiwa haina mtu wa kuishika ikaanza kurudi majini. Mama hakuinua mikono. Aliruka ndani ya maji mpaka kifuani, akashika kamba.

"We mama! Nimesema mikono juu!"

"Piga," mama akasema. "Nikishaivuta hii boti, piga."

Mmoja wao akasogea, akaona tumbo la Igoki chini ya shuka, akashusha bunduki. "Ni mzazi," akawaambia wenzake. "Wacheni. Mmoja akamwite daktari."

Aliyekuja hakuwa daktari, alikuwa mtu mweusi wa kanzu nyeupe, wa kufunga vidonda. Alipiga magoti mchangani, akamshika Igoki shingoni, akafungua jicho lake, akalifunga. Gichovi alikuwa amesimama juu yake akipumua kwa mdomo.

"Pole sana," yule mtu akasema. "Huyu ameondoka kitambo."

"Hapana," Gichovi akasema. "Alikuwa anapumua. Hapo tu juu, alikuwa anapumua." Akamgeukia mama. "Mama, ulisema anapumua."

"Nilisema."

"Ulisema!"

"Ningekwambia vingine," mama akasema, "ungeachilia ile injini."

Askari walikuwa wanatazama pembeni.

"Na huyu," mama akaendelea, akinionyesha kwa kidevu kwa sababu mikono yake ilikuwa bado na kamba, "huyu mwingine yuko ndani ya boti hiyohiyo. Ningewarudisha nyumbani kwa baba yao wangapi wakiwa maiti?"

Gichovi alikaa chini pale pale maji yanapofika. Baadaye sana akasema, "Kweli. Ningeachilia."

Yule mtu wa kanzu nyeupe alitaka kumfunga Gichovi vidonda vya mikono kwa kitambaa, akakataa. Akauliza tu Igoki atalala wapi. Kumrudisha nyumbani hakukuwezekana. Injini haikuweza kupanda mto na gunia, na kupeleka maiti kwa njia ya nchi kavu kulihitaji ruhusa ya wilaya mbili, na nani angetoa ruhusa hiyo wakati ule. Watu wa misheni wakatuambia kuna mahali pa kuzikia wageni, chini ya kilima, karibu na maji. Wakatupa sepeto mbili na karai. Askari walisema tumalize kabla giza halijaingia, maana giza likiingia hakuna mtu kutembea.

Mama alichukua sepeto moja, Gichovi nyingine. Hakuna aliyeniambia nimwambie nani nini. Walishuka wote wawili ndani ya shimo moja, na kwetu jambo hilo halijawahi kuonekana. Gichovi hakuweza kushika mpini. Alishika, damu ikateleza, akaudondosha. Mama akamwondolea sepeto mkononi, vidole vyao vikagusana.

"Toka, mwanangu. Unajiumiza."

"Niache, mama."

Akapiga magoti akawa anasukuma udongo kwa viwiko. Mama akamwacha. Mimi nilijaza karai na kumwaga, nikajaza na kumwaga, na Igoki alikuwa amelala hapo juu kwenye magunia ya Burale, miguu imefunikwa, uso haujafunikwa kwa sababu Gichovi alikataa.

Udongo wa juu Embu ni mwekundu, ukichimba shimo linasimama. Huko mtoni ni mchanga. Unatoa karai moja, kuta zinashuka mbili. Tulichimba na shimo likajaa, tukachimba na likajaa, na maji yakaanza kutoka chini, mekundu, yakitufika vifundoni. Askari mmoja alituita tuharakishe. Mama hakuinua kichwa.

"Chimbeni," akatuambia sisi wote wawili.

Tukachimba.